Saratani: mawazo yanalaumiwa, mazoea yanasahaulika

Saratani huanzia kwenye seli moja. Kila siku mwili wa binadamu huunda mabilioni ya seli mpya kuziba nafasi za zilizochakaa, na kila seli inapojigawa hunakili upya maelekezo yote ya urithi yaliyomo ndani yake. Katika kunakili huko makosa hayakosekani. Mengi husahihishwa papo hapo, na mengine huifanya seli ijiue yenyewe. Yale yanayosalia yakijikusanya kwenye jeni zinazoamua seli ijigawe lini na ikome lini, seli hiyo huzaana pasipo kukoma, hujenga uvimbe, na mwisho huenea kwa njia ya damu na mitoki hadi kwenye ini, mapafu au mifupa. Kwa kawaida haya yote huchukua miaka 10, 20, hata 30.

Kwa hiyo chochote kinachodaiwa kuleta saratani sharti kionekane kikifanya angalau moja kati ya mambo matatu: kuharibu jeni, kuzilazimisha seli zijigawe mara nyingi kupita kiasi, au kudhoofisha kinga ambayo kazi yake mojawapo ni kuziwinda seli zilizoharibika. Moshi wa sigara unafanya yote matatu. Kuhusu msongo wa mawazo, jibu si jepesi hivyo.

Shutuma yenyewe ni ya kale. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliamini kwamba wanawake wenye huzuni hupata saratani ya matiti zaidi kuliko wachangamfu. Kwenye misiba ya Afrika Mashariki hoja ni ileile: marehemu alikuwa na mawazo mengi, mume alimtesa, biashara ilikufa, ndipo akaugua. Maelezo hayo yana mvuto kwa kuwa yanaupa ugonjwa kisa na mkosaji. Uvimbe uliokua kimya kimya kwa miaka 15 hauna kisa cha kusimulia. Talaka ya mwaka jana inacho.

Kisayansi, wazo hilo si la kupuuzwa. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alieleza jinsi mwili unavyoitikia mateso ya kila aina kwa namna moja, na kazi yake ndiyo iliyoufanya msongo kuwa somo la tiba. Mtu anapotishika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda, sukari hupanda kwenye damu, na shughuli zinazoweza kusubiri husimamishwa. Hali ikiisha, homoni hushuka. Isipoisha, kwa mfano kwa mtu anayedaiwa kodi kila mwezi au anayemuuguza mzazi kwa miaka, kotisoli hubaki juu na baadhi ya seli za kinga hulegea. Hapo nadharia inasimama vizuri: kinga ikilegea, seli mbovu zinaponyoka.

Tatizo ni kwamba nadharia hiyo imepimwa kwa watu, tena wengi, na haikutoa kilichotarajiwa. Mwaka 2013 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 12 za Ulaya zenye watu wapatao 116,000. Waliokuwa na msongo mkubwa kazini hawakupata saratani ya utumbo, mapafu, matiti wala tezi dume zaidi kuliko wenzao. Mwaka 2016 ukaja utafiti wa wanawake 106,000 wa Uingereza waliofuatiliwa baada ya kueleza misongo na misiba iliyowapata. Saratani ya matiti haikuonekana kufuata huzuni zao. Utafiti mmoja wa Finland wa mwaka 2003 ulikuwa umeona kinyume: wanawake waliofiwa au kuachwa na waume zao walipata saratani ya matiti zaidi. Tafiti za namna hiyo zipo na hazifichwi, ila ni chache, na hazijakubaliana na zile zilizohusisha watu wengi zaidi.

Imani hiyo inadumu pia kwa sababu ya namna watu wanavyoulizwa. Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa ana saratani akitakiwa akumbuke shida zake za miaka mitano iliyopita, atazikumbuka zote, maana tangu siku ya majibu hajaacha kujiuliza amekosea wapi. Jirani yake mwenye afya, aliyepita kwenye shida zilezile, amezisahau. Utafiti wa maana huwauliza watu wangali wazima, kisha hungoja.

Kuna historia nyingine ambayo haisimuliwi sana. Katika miaka ya 1950 na 1960, ushahidi dhidi ya sigara ulipokuwa ukizidi kuelemea, kampuni za tumbaku zilihitaji mshtakiwa mwingine. Nyaraka za ndani zilizotolewa hadharani kufuatia kesi za Marekani za miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba Selye mwenyewe alipokea fedha za kampuni hizo, na mwaka 1969 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Kanada kueleza kuwa sigara huweza kumsaidia mtu kukabili msongo. Hans Eysenck, mwanasaikolojia mashuhuri wa London aliyefadhiliwa na fedha hizohizo, alidai pamoja na mtafiti mwenzake Ronald Grossarth-Maticek kwamba kuna aina ya watu ambao tabia yao ya kumeza hisia huwapeleka kwenye saratani, tena kwa nguvu kuliko sigara. Mwaka 2019 uchunguzi wa King's College London ulitamka kwamba zaidi ya makala 20 za wawili hao si za kuaminika. Na kabla ya hapo, mwaka 2010, ufuatiliaji wa karibu watu 60,000 wa Sweden na Finland haukuona kwamba hulka ya mtu inatabiri saratani. Kwa hiyo sehemu ya yale ambayo watu wengi leo wanayachukua kama hekima ya kawaida kuhusu mawazo na kansa ilinunuliwa, na mnunuzi alikuwa na sababu zake.

Hata hivyo, msongo hautoki mahakamani ukiwa huru kabisa. Watafiti wa Denmark walifuatilia zaidi ya wazazi 21,000 waliofiwa na mtoto, msiba ambao hakuna atakayeuita mdogo. Kwa akina baba haikuonekana tofauti. Kwa akina mama kulikuwa na ongezeko dogo, na lilijitokeza zaidi kwenye saratani zinazohusishwa na sigara. Tafsiri iliyo karibu zaidi ni kwamba huzuni haikuzigeuza seli. Iliwasukuma baadhi kwenye sigara, na sigara ikafanya kazi yake. Hii ndiyo njia kuu ambayo msongo unapita kuufikia mwili: pakiti moja kuwa mbili, bia mbili kuwa sita, usingizi wa saa nne, chakula cha usiku wa manane, kliniki iliyoahirishwa mara tatu. Anayesema mawazo yalimuua ndugu yake huenda hajakosea sana. Ameruka hatua ya katikati tu, na ni hatua hiyo inayoweza kubadilishwa.

Jambo jingine ni uvimbe ambao tayari upo. Mwaka 2006 watafiti wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston waliwafungia panya wenye saratani ya ovari mahali finyu kila siku. Uvimbe ulikua haraka kuliko kwa panya walioachwa huru, na dawa ya propranololi, inayotumiwa kwa shinikizo la damu na inayozuia kazi ya adrenalini, ilizima tofauti hiyo. Ni matokeo mazito, lakini ni ya panya. Kwa binadamu, dawa za aina hiyo bado ziko kwenye majaribio. Upande wa ushauri nasaha, David Spiegel wa Stanford aliripoti mwaka 1989 kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa waliokutana kila wiki kuzungumza waliishi muda mrefu karibu maradufu ya wenzao. Dunia ilifurahi. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi uliona mikutano hiyo inapunguza huzuni na maumivu bila kurefusha maisha, na Spiegel mwenyewe aliporudia wa kwake, matokeo yake ya mwaka 2007 hayakurudisha ile tofauti. Kupunguza maumivu ni tiba inayotosha kudaiwa hospitalini kwa haki yake yenyewe. Kumwambia mgonjwa kwamba asipojipa moyo atakufa ni kumbebesha mzigo wa pili.

Sigara sasa. Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London karibu wote walikuwa wavutaji. Mwaka uliofuata waliwaandikia madaktari wa Uingereza, wakawaandikisha wanaume zaidi ya 34,000 na kuwafuatilia kwa miaka 50. Wavutaji wasioacha walipoteza wastani wa miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 alikwepa karibu hasara yote. Aliyeacha akiwa na 50 aliiponya nusu yake. Moshi huo una kemikali zaidi ya 70 zinazojulikana kuleta saratani, nazo hazikomei kwenye mapafu: husafiri kwa damu hadi kongosho, figo, kibofu na mlango wa kizazi. Anayetumia ugoro hajajiokoa, maana tumbaku isiyochomwa nayo huleta saratani ya kinywa, umio na kongosho. Shisha ni tumbaku ileile iliyopitishwa kwenye maji, na maji hayazuii sumu hizo. Kenya na Rwanda ziliipiga marufuku mwaka 2017. Tanzania, ambako Tabora na Urambo zimejengwa kwa jasho la wakulima wa tumbaku, ina kazi ngumu zaidi ya kusema haya kwa sauti kubwa.

Pwani kuna tambuu. Jani lake peke yake si mshtakiwa mkuu. Popoo inayofungwa ndani yake ndiyo tatizo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka popoo kwenye kundi la kwanza, yaani la vitu ambavyo uwezo wake wa kuleta saratani kwa binadamu umethibitishwa. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba tambuu isiyotiwa tumbaku haina neno.

Pombe iko kwenye kundi hilo tangu mwaka 1988. Mwilini hugeuzwa kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu jeni moja kwa moja, na kwa hesabu za mwaka 2020 ilihusishwa na wagonjwa wapya wapatao 741,000 duniani. Orodha yake ni kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Matiti ndiyo huwashangaza watu, na ndiyo inayoongezeka hata kwa wanaokunywa kidogo. Kwa kigezo hiki hakuna pombe ya kistaarabu: bia ya chupa, mbege, gongo, chang'aa na divai ya harusini zina kilevi kilekile, na kinachohesabika ni kiasi chake. Mtu anayevuta na kunywa kwa pamoja hajumlishi hatari mbili, anazizidisha, kwa kuwa pombe hulainishia sumu za moshi njia ya kupenya kwenye kinywa na koo.

Chai ya moto inastahili nafasi pana, kwa kuwa hapa Afrika Mashariki iko kwenye uwanja wake. Kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, kuna ukanda ambao saratani ya umio imejaa kupita kawaida, na huwapata hata watu wasiofika miaka 40. Sigara na pombe zinaeleza sehemu tu, maana wagonjwa wengine hawajawahi kugusa chochote kati ya hivyo. Mwaka 2016 shirika la Lyon lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzijoto 65 huenda vinaleta saratani. Tatizo ni joto, si majani: mchomo wa mara kwa mara huunguza ngozi laini ya umio, nayo hulazimika kujijenga upya kila siku, na kila kujijenga ni nafasi ya kosa la kunakili. Watafiti waliopima vikombe mkoani Kilimanjaro waliona watu wakianza kunywa chai ikiwa kwenye nyuzi 70 hivi, na wanywaji wa chai ya maziwa wakiinywa ya moto kuliko wa chai ya rangi. Utafiti wa Eldoret, magharibi mwa Kenya, uliona wanaopenda chai na uji wa moto sana wakiwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, watu 50,000 walipimiwa joto la chai yao na kufuatiliwa kwa miaka. Walioinywa ikiwa nyuzi 60 au zaidi, tena nyingi, walikuwa na hatari karibu maradufu. Mursik, maziwa mgando ya Wakalenjin yanayokaa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, nayo imepimwa na kukutwa na asetaldehaidi, ingawa haijathibitishwa kuwa ndiyo inayowaletea watu wa huko ugonjwa huo. Tahadhari iliyopo haina gharama: kikombe kikae dakika chache kabla ya kunywewa.

Sumukuvu haionekani wala haina ladha. Hutolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa mbichi au kuhifadhiwa penye unyevu, na kupika hakuiondoi. Watu wa Makueni na Kitui waliijua kwa uchungu mwaka 2004, watu 125 walipokufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu 20 Dodoma na Manyara. Hizo ni sumu za dozi kubwa. Dozi ndogo ya kila siku, mwaka hadi mwaka, ndiyo inayoleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye homa ya ini B hatari huongezeka hadi mara 30 ikilinganishwa na anayekula sumu hiyo bila kuwa na homa hiyo. Hapa tabia inayookoa ni ya ghalani: kukausha mahindi juu ya turubai na si juu ya udongo, kuchambua punje zilizooza, na kutozipeleka kwenye unga wa uji wa watoto.

Kisha kuna maambukizi, ambayo wengi hawayahesabu kabisa wanapozungumzia kansa. Duniani yalihusika na takriban asilimia 13 ya saratani za mwaka 2018, na kusini mwa Sahara sehemu yake ni kubwa zaidi. Kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana kwenye mashamba ya mpunga na mabwawa, huacha mayai kwenye ukuta wa kibofu na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani yake. Kidonge cha kichocho ni kinga dhidi ya kansa bila kuitwa hivyo. Virusi vya HPV ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, ugunduzi uliompa Harald zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 2022 saratani hiyo iliua wanawake wapatao 350,000, wengi mno kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati. Kuwa na virusi hivyo si alama ya uasherati: wengi waliowahi kujamiiana hukutana navyo, na mwili huviondoa wenyewe mara nyingi. Mwanamke anayeishi na Virusi vya Ukimwi ana hatari mara sita zaidi. Hata watoto wana mfano wao. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya ambao baadaye ulihusishwa na kirusi kingine pamoja na malaria, na mtoto wa miaka sita hana msongo wa kazi.

Mazoea mengine yapitiwe kwa haraka. Unene uliokithiri umehusishwa na saratani 13, ikiwemo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi. Nyama iliyosindikwa, kama soseji na smoki za kando ya barabara, ikiliwa gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nyama choma ya mara moja kwa mwezi si janga. Moshi wa kuni jikoni umewekwa kwenye kundi la vitu vinavyodhaniwa kwa uzito kuleta saratani, na kazi ya zamu za usiku iko kundi hilohilo. Sidiria haileti saratani ya matiti. Jua kali ni hatari kubwa kwa watu wenye ualbino, na kofia pana na mafuta ya kujikinga kwao ni dawa, si urembo.

Baada ya haya yote bado hubaki wagonjwa wasio na kosa lolote. Asilimia 5 hadi 10 ya saratani hutokana na jeni za kurithi, na sehemu nyingine kubwa ni makosa ya kunakili yanayotokea bila kuchochewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 30 hadi 50 ya saratani zinaweza kuzuiwa. Maana yake nusu au zaidi haziwezi. Takwimu ya hatari huzungumzia maelfu ya watu. Haiwezi kumwambia mgonjwa mmoja aliyelala kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa nini yeye, na ndugu wanaoshika kitanda chake hawana sababu ya kumhoji.

Wanachoweza kufanya walio wazima ni kuwahi. Uvimbe usiouma kwenye titi, damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, chakula kinachokwama kifuani, mkojo au choo chenye damu, kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu: hizo si za kusubiri mawazo yapungue. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki huchukua dakika chache na hufanyika hadi kwenye vituo vya afya vya kawaida. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya HPV mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia kwenye sindano moja tu ya chanjo hiyo, iliyotolewa bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.